Tangi la Matumbawe Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Aliyejaribu Likamshinda

Maswali ninayoletewa kuhusu tangi la maji ya chumvi yanakaribia kuwa swali moja. Mtu kanunua tangi, kalijaza, maji yakatakata. Siku ya tatu katia samaki, na matumbawe mawili juu yake. Mwezi haujaisha samaki wanahema juu juu, tumbawe limejikunja hadi kubaki kiunzi cheupe, na mwenyewe anauliza atie dawa gani.

Hakuna dawa. Maji yale yalikuwa masafi, ila hayakuwa yameiva, yaani hayakuwa na bakteria wa kuyasafisha. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa kufuata mahali watu wanapoangukia, na mfano wangu ni tangi la lita 200. Usivutiwe na kitangi cha lita 30 kwa kuwa kinabebeka. Maji machache hubadilika upesi, na samaki mmoja aliyefia nyuma ya jiwe anatosha kuyachafua yote. Kwa anayeanza, tangi kubwa ndilo jepesi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumwaga hata ndoo moja

- Tangi na stendi yake. Stendi iwe imetengenezwa kubeba tangi. Kabati la nguo si stendi.
- Kichujio cha RO (kinachosukuma maji kupitia utando mwembamba) chenye resini ya DI (inayonasa madini yaliyobaki), pamoja na mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, ya kukihakiki.
- Chumvi ya bahari ya matangi ya matumbawe. Ya mezani haina kalsiamu wala magnesi ya kutosha, na mara nyingi ina viongezo.
- Refraktomita, yaani kipimo cha chumvi, na kichupa cha maji ya kuirekebishia yenye chumvi gramu 35 kwa kila elfu.
- Mawe makavu yenye vitundu, kilo 15 hadi 20, na mchanga wa aragoniti (aina ya chokaa) wa kutandaza kina cha sentimita 3 hivi.
- Pampu za mawimbi mbili. Ya pili ipo kwa ajili ya siku ile pampu ya kwanza itakapogoma.
- Hita mbili za wati 100, usinunue moja ya wati 200. Hita ikiharibika mara nyingi hukwama ikiwa imewaka. Moja ndogo itapandisha joto polepole ukawahi kuiona, ile kubwa itapika.
- Feni ya kupuliza uso wa maji, kama chumba chako kina joto.
- Taa ya LED ya matumbawe, yenye buluu nyingi na inayoweza kupunguzwa mwanga.
- Skima ya protini, ile inayotoa uchafu kwa povu.
- Vipimo vya amonia, naitraiti, naitreti, fosfeti na alkaliniti (akiba ya kaboneti majini, hupimwa kwa dKH). Vya kalsiamu na magnesi vitafuata.
- Kijazio cha maji chenye kihisio, cha kurudisha maji yanayogeuka mvuke.
- Tangi la karantini la lita 40 hivi, tupu, lenye hita, sponji na kipande cha bomba la kujifichia.
- Pampu ya hewa ya betri, glavu ndefu, miwani ya kinga, na ndoo ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni.

Bajeti ikibana, usikate kichujio cha maji wala refraktomita. Skima inaweza kusubiri miezi miwili, maana mwanzoni hakuna uchafu wa kuitosha.

## Hatua ya 1: Mahali, uzito na umeme

Lita 200 za maji ya chumvi zina kilo 205 peke yake. Ongeza mawe, mchanga, vioo na stendi, unakaribia kilo 300 zilizosimama sehemu moja. Sakafu iwe imara na stendi isiyumbe. Pima usawa kwa pimamaji, urefu na upana. Tangi likilalia upande, mzigo wote unabebwa na silikoni ya kona moja, nayo huachia baada ya miezi, tena usiku.

Likae mbali na dirisha la jua. Jua la mchana hupandisha joto na kulisha mwani usioutaka.

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu. Kila waya uning'inie chini ya soketi kwanza, ndipo upande kuingia. Tone linalotambaa juu ya waya litadondoka sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Mwite fundi afunge swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja. Hili sibembelezi mtu. Utatia mkono humo maelfu ya mara.

Jaza maji ya bomba, tandika karatasi chini, acha siku mbili. Karatasi ikibaki kavu, mwaga maji uendelee.

## Hatua ya 2: Panga mawe tangi likiwa bado kavu

Mawe ndiyo kichujio chako kikuu. Ndani ya vitundu vyake ndimo watakamoishi bakteria wa kusafisha maji, hivyo jiwe jepesi lenye matundu ni bora kuliko zito lililoshikana.

Yakae moja kwa moja juu ya kioo, mchanga umwagwe baadaye kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, kiumbe anayechimba ataubomoa mlima wako mchana kweupe. Acha upana wa vidole vinne kati ya mawe na vioo ili sumaku ya kusafishia ipite. Gundisha kwa supaglu ya jeli na epoksi isiyo na sumu majini. Likisukumwa kwa mkono, jiwe lisitikisike.

Wanaoanza wengi hujenga ukuta kutoka kona hadi kona. Unapendeza kwenye picha, lakini maji hayapiti nyuma yake na uchafu hulala huko. Jenga visiwa viwili vyenye mapango na vijukwaa vya vimo tofauti. Matumbawe ya mwanga mkali yatakaa juu, ya mwanga hafifu chini.

Hatari: ukipewa mawe yaliyotoka kwenye tangi la mtu, usiyachemshe kamwe. Aina fulani za matumbawe laini ya jamii ya Zoanthus na Palythoa hubeba palitoksini, moja ya sumu kali kabisa zitokazo kwa viumbe hai. Ukilichemsha jiwe lenye mabaki yake, sumu hupanda na mvuke ukaivuta mapafuni. Watu wamelazwa hospitali, wao na familia zao, kwa sufuria moja tu. Vaa glavu na miwani kila unapoyakata au kuyasugua.

## Hatua ya 3: Tengeneza maji ya bahari

Maji ya bomba yana klorini au kloramini, mara nyingine shaba, na karibu kila mara fosfeti na silika. Shaba kidogo tu isiyomdhuru mtu humuua konokono na kamba. Ndiyo sababu ya kichujio cha RO na DI. Mita ya TDS isome 0. Ikianza kusoma 2 au 3, badilisha resini, usingoje.

Safari ya kwanza, wakati tangi halina kiumbe, unaweza kuchanganyia ndani. Baada ya hapo ni kwenye pipa la pembeni, siku zote.

1. Tia maji kwanza, ndipo chumvi. Ukimwaga maji machache juu ya rundo la chumvi, kalsiamu na kaboneti hushikana zikawa chokaa inayotuama chini. Hapo umetupa kile ulichonunulia chumvi hiyo.
2. Anza na gramu 36 kwa kila lita. Chumvi huwa imenyonya unyevu kidogo, kwa hiyo gramu 35 kamili kwenye mizani huleta pungufu.
3. Washa pampu na hita, joto lifike nyuzi 25. Acha yazunguke hadi yatakate kabisa, saa chache au usiku kucha kulingana na aina.
4. Pima. Unatafuta gramu 35 kwa kila elfu, yaani uzito linganishi wa 1.026.

Sasa, refraktomita. Vijitabu vingi husema uirekebishe kwa maji safi hadi isome sifuri. Usiishie hapo. Kifaa kinachosoma sifuri sawasawa kinaweza kukosea kwa gramu 2 au 3 kikifika 35, na wewe unafanyia kazi kwenye 35. Kirekebishe kwa maji ya kipimo ya gramu 35, kila mwezi. Nimeona matangi mawili yakihangaikiwa kwa wiki kadhaa kumbe kilichougua ni kipimo.

Mwaga mchanga sasa, taratibu, kwa kikombe. Maji yatakuwa maziwa kwa siku moja au mbili.

## Hatua ya 4: Ivisha tangi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, basi tukae kidogo.

Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua. Chakula kinachooza nacho huitoa. Amonia huunguza matamvua yale yale, na kwenye tangi jipya hakuna wa kuiondoa. Baharini kazi hiyo hufanywa na bakteria: kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, kundi lingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo kwa kiasi kidogo haina madhara. Bakteria hao hawazaliani upesi kama wale wa maziwa kuganda. Kulijaza tangi kwao ni kazi ya wiki 4 hadi 6, na ukitumia bakteria wa chupa walio hai inaweza kupungua hadi wiki 2 au 3.

Huhitaji samaki kuanzisha kazi hii. Kumtia samaki avumilie amonia kwa ajili yako ni ukatili, halafu hakuharakishi chochote.

1. Nunua amonia isiyo na manukato wala sabuni. Itikise chupa. Povu likikaa juu bila kupotea, ina sabuni, irudishe.
2. Tia kidogo kidogo hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Usivuke 4, kwa sababu amonia nyingi huwapunguzia kasi bakteria wenyewe.
3. Taa zizimwe. Bakteria hawazihitaji, mwani ndio unazipenda.
4. Pima amonia na naitraiti kila baada ya siku mbili, uandike tarehe na namba.

Kwanza hakuna kinachotokea. Wiki ya pili hivi amonia inaanza kushuka na naitraiti inapanda, tena inapanda sana. Usibadilishe maji, usiongeze dawa. Kipimo cha naitreti nacho kitakudanganya kipindi hiki, kwa sababu naitraiti ikiwa nyingi huivuruga rangi yake. Kiache kwanza.

Utajuaje limeiva: tia tena amonia hadi 2. Baada ya saa 24 pima. Amonia ikiwa 0 na naitraiti 0, tangi lina bakteria wa kutosha. Ikiwa naitraiti ingali inaonekana, bado, hata kama ni wiki ya sita na mtoto anakuuliza samaki wako wapi.

Likishaiva, badilisha nusu ya maji kushusha naitreti iliyojikusanya. Kama samaki hawaingii mara moja, endelea kuwalisha bakteria kwa tone la amonia kila baada ya siku chache.

## Hatua ya 5: Rudisha maji yanayopotea, bila chumvi

Maji yanapogeuka mvuke, chumvi inabaki. Sentensi hiyo ingesomwa vizuri, matangi mengi yangepona.

Fanya hesabu. Lita 200 zilizo kwenye 35 zikipoteza lita 3 kwa siku, baada ya siku nne umebaki na lita 188 na chumvi ile ile. Sasa ni zaidi ya 37. Tumbawe linapandishwa kwa siku nne, halafu unamwaga lita 12 za maji matamu kwa dakika mbili na kulishusha ghafla. Ukirudia hivyo kila wiki, litafunga lisifunguke.

Kuna walio kinyume, wanaorudishia maji ya chumvi. Lita 3 kwa siku ni gramu 105 za chumvi ya ziada. Mwezi mmoja ni kilo 3 na zaidi, na tangi linapita 50. Nililetewa maji ya namna hiyo kwenye chupa. Refraktomita iliishia mwisho wa mistari yake.

Kijazio chenye kihisio hurudisha maji ya RO kidogo kidogo, kutwa. Ila chagua pipa lake kwa akili. Kihisio kikikwama, pipa lote litamwagika tangini. Lita 10 zikiingia kwenye lita 200 zinashusha chumvi hadi 33 hivi, hakuna atakayekufa. Lita 50 zitafanya mauaji na kulowesha sakafu. Chora mstari wa kalamu kwenye kioo usawa wa maji. Wiki nzima mstari usiposogea, umefaulu.

## Hatua ya 6: Miezi ya ubaya

Taa zikiwashwa, tangi litachafuka, hutaepuka. Kwanza vumbi la kahawia juu ya mchanga, hizo ni diatomu. Halafu labda utando mwekundu wenye mapovu, ambao ni sianobakteria. Halafu nywele za kijani. Kila moja ina msimu wake wa wiki kadhaa.

Taa ziwake saa 8 kwa siku, mwanga chini ya nusu. Tia konokono wachache, 8 hadi 10, usitie 50 kama vifurushi vingine vinavyoshauri, maana mwani ukiisha watakufa njaa na kuoza. Nyonya utando kwa mpira mwembamba unapobadilisha maji. Wanaokimbilia dawa ya kuua mwani huishia kuua na kitu kingine.

Na usiendeshe naitreti na fosfeti hadi sifuri ukidhani unaunyima mwani chakula. Matumbawe nayo yanakula humo humo, na zikiisha kabisa hujitokeza dinoflajelati, uteute wa kahawia wenye mapovu ambao ni mgumu kuuondoa kuliko nywele zote.

Madoa ya zambarau na waridi, magumu kama chokaa, yakianza kuonekana kwenye mawe na pampu, furahi. Ni mwani wa chokaa, na huja pale maji yanapotulia.

## Hatua ya 7: Samaki, wawili wawili

Kila samaki apite karantini wiki 4 angalau, akila na kuonekana. Sababu kuu ni Cryptocaryon irritans, kijidudu cha madoa meupe. Madoa hupotea baada ya siku chache, mwenye samaki akashangilia amepona. Kumbe kijidudu kimeshuka mchangani, kinagawanyika, na kitarudi kwa mamia. Dawa inayotegemewa ni ya shaba, nayo haiwezi kutiwa penye matumbawe, kamba wala konokono. Kikishaingia tangi kuu, njia ni kuwatoa samaki wote na kuliacha bila samaki siku 76. Karantini ya mwezi ni nafuu.

Siku ya kumpokea, elea mfuko juu ya maji dakika 15 joto lilingane. Chumvi ya tangi la karantini iandae mapema ifanane na ya mfuko, halafu mhamishe kwa kikombe chenye matundu, maji ya mfuko yamwagwe. Usimwachie kwenye ndoo akidondoshewa maji saa mbili. Ndani ya mfuko uliofungwa muda mrefu pH imeshuka, amonia imepoa makali. Ukifungua, hewa safi inapandisha pH na amonia ile ile inakuwa sumu kali, naye bado yumo.

Kwa lita 200, samaki wadogo 4 hadi 6 wanatosha, waingie wawili wawili kila baada ya wiki nne au zaidi.

- Klauni (Amphiprion ocellaris), jozi moja waliozalishwa kwenye matangi. Nunua mkubwa na mdogo. Huanza maisha wakiwa madume, na mkubwa wa jozi hugeuka jike, kwa hiyo hawatauana. Hawahitaji anemoni.
- Gramma loreto, wa zambarau na manjano, mmoja tu. Anapenda pango.
- Nemateleotris magnifica, mpole, ila huruka. Funika tangi kwa wavu. Samaki aliyekauka nyuma ya stendi nimemwokota mimi pia.

Wa kuwaacha: kangaja, wanaohitaji zaidi ya lita 400 za kuogelea. Kikande, atakula konokono na kamba wote. Bunju na wengi wa jamii ya kipepeo huyadonoa matumbawe. Synchiropus splendidus ni mzuri kupita wote, lakini anaishi kwa kopepodi (viumbe wadogo mno wa majini) walio hai, na tangi changa halina wa kumshibisha. Atakonda mbele ya macho yako miezi mitatu.

Dalili njema ni ndogo: samaki anakuja mbele unaposogea, anapumua bila kuharakisha, na tumbo halijabonyea.

## Hatua ya 8: Matumbawe

Subiri hadi mwezi wa tatu. Chukua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Vimezoea maisha hayo, na hakuna mwamba uliovunjwa. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka bila vibali ni kosa, na nchi nyingi huzuia pia kuyachukua baharini bila ruhusa.

Anza na yanayosamehe: Sarcophyton, Sinularia, Discosoma, Zoanthus. Xenia iwekwe kwenye jiwe la peke yake, vinginevyo utaishi kuing'oa. Miezi miwili ikipita salama, ongeza Euphyllia na Caulastraea. Acropora ni ya tangi lililotimiza mwaka.

Kuosha. Kila kipande kizamishwe kwenye dawa ya kuoshea matumbawe, kwenye ndoo ya maji ya tangi, kwa dakika zilizoandikwa. Kipulizie kwa pipeti kubwa uone vinavyoanguka. Dawa haiui mayai ya wadudu, basi ling'oe tumbawe kwenye kitako chake ulibandike kwenye kipya. Tazama kama kuna Aiptasia, kijianemoni cha rangi ya chai. Mmoja leo, mia mwakani.

Mwanga. Tumbawe linaishi na mwani mdogo ndani ya ngozi yake, na sehemu kubwa ya chakula chake hutoka huko. Likipigwa na mwanga au joto ghafla huufukuza mwani huo likabaki jeupe. Kwa hiyo liweke chini kwenye mchanga wiki ya kwanza, lipandishe polepole, na mwanga wa taa uongeze asilimia 5 kwa wiki. Likigeuka kahawia iliyofifia, mwanga ni mdogo au naitreti imezidi. Likipauka, mwanga umezidi.

Mkondo. Minyiri iyumbe huku na huku. Ikilala upande mmoja muda wote, pampu inalipiga usoni.

Majirani. Euphyllia hutoa usiku minyiri mirefu ya kuunguza. Acha sentimita 15 hadi 20. Matumbawe laini hupigana kwa kemikali, na hiyo huondolewa kwa mkaa wa kuchujia, ubadilishwe kila mwezi.

Bandika kwa supaglu ya jeli, halafu uliache. Tumbawe linalohamishwa kila siku mbili halipati kuzoea popote. Ukiona ngozi ya kitako inatambaa kuifunika gundi, limekubali.

## Hatua ya 9: Namba, na kuacha kuzikimbiza

- Joto: nyuzi 25 hadi 26
- Chumvi: 35
- Alkaliniti: dKH 8 hadi 9
- Kalsiamu: miligramu 400 hadi 450 kwa lita
- Magnesi: 1,250 hadi 1,350
- Naitreti: 5 hadi 15
- Fosfeti: 0.03 hadi 0.1
- pH: 7.9 hadi 8.4, usiitilie dawa

Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, kwa maji yenye joto na chumvi ile ile. Pima alkaliniti mara mbili kwa wiki, saa ile ile. Hiyo ndiyo namba ya kuitazama kuliko zote, kwa sababu tumbawe gumu huitumia kujengea kiunzi chake na huisha kabla ya kalsiamu.

Nani anaua zaidi, aliye na dKH 7.5 siku zote, au anayetoka 7 kwenda 10 Jumapili na kurudi 7 Ijumaa? Ni huyu wa pili, kila mara. Ngozi inayochanika kutoka kwenye kitako mara nyingi ni kazi yake.

Tafuta matumizi ya tangi lako. Ukipima 8.6 Jumatatu na 8.0 Alhamisi bila kuongeza kitu, linakula 0.2 kwa siku. Kwenye lita 200, gramu 6 za sodiamu baikaboneti tupu hupandisha dKH 1, kwa hiyo kila siku unahitaji gramu 1.2 zilizoyeyushwa kwenye maji ya RO na kudondoshwa penye mkondo. Usipandishe zaidi ya dKH 1 kwa siku hata kama umekuta imeshuka. Matumbawe yakikua matumizi yataongezeka, pima upya kila mwezi.

Chakula cha samaki ni kidogo mara mbili kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika mbili.

## Hatua ya 10: Umeme ukikatika, au ukisafiri

Umeme ukikatika kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni, joto hufuata. Washa pampu ya hewa ya betri mara moja. Kama huna, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Usilishe. Kwenye baridi funika tangi kwa blanketi, ukiacha uwazi wa hewa.

Ukikuta matumbawe yote yamefunga kwa wakati mmoja, fuata mpangilio huu: joto, chumvi, alkaliniti, amonia. Halafu hesabu samaki, huenda mmoja amekufa mahali. Tumbawe moja likifunga na mengine yako wazi, tazama jirani yake na mkondo.

Safari ya siku tatu haihitaji mtu wa kulisha. Samaki wazima watavumilia, kijazio kitafanya kazi yake. Safari ndefu zaidi, mwachie mtu karatasi yenye mambo matatu tu: mstari wa maji uko wapi, joto lisome ngapi, na akupigie lini. Chakula kipime mwenyewe, kifunge kwa vipakiti, tarehe juu ya kila kimoja. Kopo lililobaki lifiche, kwa sababu mwenye kukusaidia atawaonea huruma.